Baba, Mwaka Huu Tupige Hema Wapi?

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu Lewisham, na meza yote imefunikwa na ramani. Ni Februari, mvua inanyesha tangu alfajiri, na mimi nafanya kazi uliyokuwa ukiifanya wewe kila Februari: nachagua mahali pa kupiga hema kiangazi kikifika. Mjukuu wako Salma, uliyemwacha hajaanza hata skuli, ananicheka. Ananiambia niandike kwenye simu tu, nitatajiwa viwanja vyote vya kambi vya nchi hii pamoja na sifa zake. Nimejaribu. Nimepata orodha ndefu, yenye picha za vyoo na za mbwa waliofurahi, lakini haikujibu hata swali moja katika yale uliyokuwa ukiyauliza wewe.

Maana wewe ulikuwa mtu wa maswali. Kabla ya Mapinduzi ulikuwa mkaguzi wa mikarafuu Unguja, ukishinda mashambani na mara nyingine kulala hukohuko, na Mama husema ulikuwa ukirudi nyumbani nguo zinanuka majani. London ilikufanya msukuma vitanda hospitalini. Sikukusikia ukilalamika. Ulirudi kutoka shifti, ukavua viatu, ukatawadha, ukasali, ukala, kisha ukatandaza ramani ya maktaba juu ya meza iliyokuwa bado na makombo, ukaanza kuwaandikia barua wenye viwanja vya kambi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikusahihishia Kiingereza, na nakumbuka nilivyoona haya kwa niaba yako. Nani anamwandikia mkulima wa Kiingereza kumuuliza mvua za kwake hutokea upande gani? Udongo wake ni wa mfinyanzi au kichanga? Maji ya kunywa yanatoka wapi kabla ya kufika kwenye bomba?

Nilidhani watakuona umerukwa na akili. Badala yake walikujibu. Mmoja aliandika kurasa mbili kuhusu mtaro aliouchimba babu yake. Na mwanamke mmoja wa kule kwenye milima ya Wales alikutumia kijiko cha udongo ndani ya bahasha. Uliumimina kwenye kisosi, ukaunusa, ukaulowesha kwa tone la chai, ukausugua baina ya vidole.

"Huu unakunywa maji," uliniambia. "Tutalala pakavu."

Mama alikuwa akikunja nguo. Alikuuliza kama kisosi hicho utakiosha wewe au yeye.

Safari ya kwanza ilikuwa ya msituni, kule kusini ambako farasi wanatembea barabarani bila mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikwenda kwa gari la Bwana Jayanti, rafiki yako wa tangu mtaa wa Mkunazini kule Unguja, aliyekuwa na duka la vyakula Kenton. Gari lilikuwa la kubebea mizigo, na mimi nilikaa nyuma juu ya gunia la dengu. Njia nzima mlikuwa mkizungumza Kiswahili cha mjini, mkitajiana majina ya watu na mitaa, na kila mlipotaja mtu mmoja wenu alisema yuko Dubai, au yuko Muscat, au hajulikani alipo.

Tulipofika ulikataa kushusha hema. Ulizunguka uwanja mzima na koti lako la kazini, umefunga mikono nyuma, kisha ukalala chali kwenye majani, ukafumba macho. Ukainuka, ukaenda hatua kumi, ukalala tena. Familia ya Kiingereza iliyokuwa ikinywa chai iliacha vikombe ikakutazama.

"Seif, umeanguka?" Bwana Jayanti alikuita.

"Nataka mgongo uniambie," ulimjibu. "Hapa pameinama. Kichwa kitakuwa chini."

Sijui ulilala mara ngapi siku ile. Mwishowe ulichagua mahali chini ya mti mkubwa, kisha ukapakataa, kwa sababu uliona tawi kavu juu ukasema kuwa mti unaotupa matawi haulaliwi chini yake. Asubuhi yake nilitoka nje nikakukuta umechuchumaa mbele ya uyoga, unauangalia kama mtu anayesoma barua. Uliniita nichuchumae nawe. Hukuwa ukijua jina lake na hilo lilikufurahisha. Ulisema Unguja hapakuwa na mti usioujua, na sasa Mungu amekuleta mahali ambapo unaanza upya kama mtoto.

Mama hakuja safari ile, wala iliyofuata, wala ile ya Wales ambako udongo ulikunywa maji kweli kama ulivyosema, lakini upepo ukalipasua hema letu toka juu hadi chini. Kila ulipomwomba alikupa jibu lilelile, bila hasira, huku anafanya kazi nyingine.

"Nilikuwa na nyumba ya ghorofa mbili nikaiacha," alisema. "Sasa nina vyumba viwili Lewisham. Navyo unataka niviache, nikalale chini ya kitambaa?"

Hukumjibu hata siku moja. Nilidhani huna jibu. Sasa nadhani ulilijua jambo ambalo mimi sikulijua.

Nilipokuwa na miaka kumi na tatu ulichagua ziwa, kule kaskazini kwenye maziwa mengi. Ulikuwa umeshaweka alama ya kalamu kwenye ramani Mama aliposimama nyuma yako, akaangalia alama hiyo muda mrefu.

"Mwaka huu nakuja," alisema. "Nimechoka kuwasikia mkicheka mambo nisiyoyajua. Lakini pa kulala nitachagua mwenyewe."

Baba, ulivyofurahi. Ulimnunulia mabuti ya mpira ya rangi ya kijani, naye akayavaa na baibui.

Tulifika adhuhuri. Uwanja ule uliteremka mpaka majini, na karibu na maji kulikuwa na nafasi nzuri ambayo macho yako yaliikimbilia mara moja. Nilikuona. Lakini ulimwachia yeye. Mama hakuelekea majini. Alisimama penye lango la kuingilia magari, pembeni ya mapipa ya taka, akaonyesha kwa kidole.

"Hapa."

Nilitaka kulia. Uwanja mzima ule, na sisi tulale na mapipa. Nilikuangalia nikitegemea utasema juu ya mteremko, juu ya harufu, juu ya chochote. Ulichukua nyundo ukaanza kupiga vigingi. Uliuliza jambo moja tu: mlango wa hema uelekee wapi.

"Barabarani," Mama alisema.

Asubuhi niliamka nikamkuta Mama amelala na koti lake la baridi, vifungo vyote vimefungwa. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa mlangoni, vidole vinatazama nje. Mkoba wenye pasipoti zetu ulikuwa chini ya kichwa chake. Nilikuona wewe umeshaamka, umekaa, unaviangalia viatu vile. Uliweka kidole mdomoni ili nisiseme kitu.

Siku ya pili alikwenda kuchota maji na akakawia. Aliporudi alisema, "Baba Zuhura, pale penye ukuta wa mawe naona pana kivuli." Tuling'oa vigingi vyote tukahamia penye ukuta. Siku ya tatu alisema ukuta una sisimizi. Tukahama tena, hatua hamsini kuelekea chini. Siku ya nne ilikuwa ni kelele za watoto wa jirani, ingawa watoto wenyewe walikuwa wawili na mmoja alikuwa wa kubebwa. Wakati huo uwanja mzima ulikuwa umeshatujua. Watu walitoka na vikombe vyao kutuangalia tukihama, mimi nimebeba sufuria, wewe umelikumbatia hema kama mgonjwa, Mama anatangulia na mabuti yake ya kijani.

Mtunza uwanja alikuja na mbwa wake. Alikuuliza kwa adabu kama kuna ubaya wowote katika zile sehemu anazotupa.

"Hakuna ubaya," ulimwambia. "Mke wangu bado anachagua."

Mtunza uwanja aliinua kofia, akaenda zake.

Siku ya tano tulikuwa majini kabisa. Mlango wa hema ulielekea ziwani, na mgongo wake barabarani. Mama hakutoa sababu yoyote safari ile. Alivua koti, akalitundika juu ya kamba ya hema, akavua mabuti, akaingia majini mpaka vifundoni na kusimama hapo ameshika pindo za nguo. "Ya baridi kama ya mtungi," alisema. Nikageuka nikuonyeshe, nikakukuta umesimama na kigingi mkononi, umesahau kwamba umekishika.

Kesho yake tulirudi London. Lakini kuanzia mwaka ule tulikwenda sote watatu, na kila mahali Mama alichagua kwa siku moja, baadaye kwa saa moja, na mwishowe akawa anabishana nawe juu ya mteremko.

Sasa, Baba, nifike kwenye lile linalonikalisha mezani leo. Nimezihesabu kwenye ramani safari zetu zote, nikaziwekea alama. Misitu ipo. Milima ipo. Maziwa yapo mengi, mengine tumerudia. Kisiwa chote hiki kimezungukwa na bahari, huwezi kwenda mbali bila kuikuta, na sisi hatukulala pwani hata mara moja. Sisi, watu wa Unguja.

Bwana Jayanti alikuwa akikwambia, "Seif, twende pwani bwana, tukale samaki wabichi," nawe ulikunja ramani ukasema pwani kuna upepo. Nikaamini. Nilikuwa mtu mzima siku nilipokumbuka hema letu lilivyopasuka Wales, nikajiuliza ni upepo gani huo wa pwani unaoushinda ule. Nilikuja nyumbani kwenu nikakuuliza waziwazi: mbona hatujawahi kwenda pwani? Uliniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Tukala, na swali likapita. Nina uchungu nalo, maana wewe uliyekuwa ukiuliza kila kitu ulinifundisha kuuliza, na mimi nililiachia swali moja tu nalo ndilo hilo.

Kwa hiyo jana nilimuuliza Mama. Anakaa nami sasa, ana miaka themanini na mitano, magoti yamemchoka lakini kichwa hakijachoka. Alikuwa akichagua mchele kwenye sinia, ingawa mchele wa dukani huku hauna hata jiwe moja.

"Hukumbuki kitu?" aliniuliza. "Ulikuwa na miaka minne."

Nikamwambia sikumbuki. Akaniambia huku anaendelea na mchele.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Mapinduzi. Mlikuwa mmepata chombo cha kutuvusha kwa siri, na tulikingoja pwani ya kaskazini siku mbili, tumelala mchangani, yeye viatu vyake viko karibu, na mimi nimefunikwa na koti lako. Bibi, mama yako, alikuwa nasi. Chombo kilipofika asubuhi kila mtu alisimama isipokuwa yeye. Alikaa juu ya sanduku lake akasema nendeni. Ulimbembeleza. Akasema ana kuku nyumbani, nani atawapa maji? Ulimbeba, Baba. Ulimbeba mpaka maji yakakufika kiunoni, naye anakupiga mabegani kwa ngumi, anasema, "Niweke chini, Seif, usinifanyie hivi." Nahodha alikuwa akikuhimiza. Mimi nilikuwa nimelala begani kwa Mama. Ukageuka, ukamrudisha, ukamkalisha juu ya sanduku lake, ukamfuta mchanga miguuni.

"Baba yako alipanda chombo kinyumenyume," Mama aliniambia. "Hakugeuza uso mpaka pwani ilipopotea. Na Bibi yako hakuinuka. Tulimwona amekaa vilevile, anazidi kuwa mdogo."

Barua ya msiba wake iliwafikia London miezi sita baada ya kuzikwa. Hilo nalikumbuka kidogo. Nakumbuka nyumba imejaa watu na Bwana Jayanti anapika chai.

"Ndiyo maana alipenda maziwa," Mama alisema. "Ziwa unaiona ng'ambo yake. Aliniambia mara moja tu: akiona maji yasiyo na ng'ambo, anamwona mama yake amekaa."

Nilimuuliza tufanye nini, twende tena kaskazini kwenye ziwa lile?

"Mimi mama yangu alikufa kitandani kwake, nami nikiwepo," alisema. "Sina ugomvi na bahari. Tafuta pwani."

Barua hii niliiacha hapo. Sasa ni Agosti, na naimalizia nikiwa Norfolk, kwenye pwani yake ya kaskazini kabisa, nimekaa juu ya nyasi na daftari magotini. Nilimwandikia mwenye uwanja maswali yako yote matatu. Ni mwanamke wa makamo anayefuga pia kondoo. Alinijibu kuwa mvua yao hutokea magharibi, udongo ni kichanga, na kuhusu maji hakuwahi kujiuliza, lakini alikwenda kumuuliza jirani na jibu ni kisima cha chini ya kilima. Nikajua tumefika.

Mama tumemkodia kibanda cha mbao, kwa sababu ya magoti. Mimi na Salma tuna hema. Nililala kwanza kwenye majani, sehemu tatu, na Salma akanipiga picha kuwapelekea marafiki zake. Halafu yeye mwenyewe akalala pembeni yangu, akasema kwa Kiingereza kwamba kichwa chake kiko chini kuliko miguu. Nilimwambia babu yake angempenda sana.

Jana mchana tulimpeleka Mama ufukweni na kiti chake. Salma alimshika mkono huu, mimi ule. Yeye anamsemesha Bibi yake kwa Kiingereza na Bibi anamjibu Kiswahili, na sijawaona wakipotezana. Mama alikaa anaangalia maji. Hayana ng'ambo, Baba. Ni ya kijivu na yanakwenda mpaka yanashikana na mbingu. Nilimwogopea. Nilikaa karibu kwenye mchanga nikimwangalia uso, nisijue natafuta nini. Alikuwa akinywa chai. Aliuliza maji yatajaa saa ngapi. Aliuliza kwa nini ndege wa huku wana miguu myekundu.

Alasiri alitaka kusali akauliza kibla. Salma akatazama simu yake, akamgeuza na kiti chake taratibu, na uso wake ukaelekea nchi kavu, kwenye shamba la maharage lililo nyuma ya ufuko. Bahari ikabaki mgongoni kwake. Alisali akiwa kitini. Alipomaliza hakuomba ageuzwe. Alikaa anayatazama maharage.

"Salma," alisema, "na Unguja je? Iko wapi kutoka hapa?"

Salma alihangaika na simu, kisha akanyoosha mkono. Alisema ni upande huohuo, Bibi, kulia kidogo ya kibla, kule kule mashambani.

"Na huku nyuma yangu, baharini, kuna nini?"

Salma alisema hakuna kitu. Kuna maji, halafu barafu, basi, ncha ya dunia.

Mama aligeuza shingo akaiangalia bahari tena, kwa makini, kama unavyomwangalia mtu uliyemdhania ni mwingine.

"Kumbe hii haielekei kwetu," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Zuhura. Baba yako angeweza kukaa hapa."

Ndilo nililotaka kukwambia. Hukuliuliza, na hakuna aliyekuulizia. Nimekuandikia kutoka hapahapa ili ulijue: kuna pwani ambako ungeweza kukaa na kuangalia maji, na nyuma ya maji yale hapana mtu anayekungoja juu ya sanduku. Mama anakusalimu. Amesema mwambie hapa hapana upepo.

Mola akulaze mahali ulipopachagua mwenyewe.

Binti yako,
Zuhura